Baada ya Saa Kumi na Moja

Kuna mkahawa wa Kichina Kilimani ambao mimi huenda mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, na mara nyingine katikati ya mwezi, mshahara ukiwa umeisha lakini roho haijakubali. Usifikirie ile mikahawa ya sinema yenye taa nyekundu na samaki wa rangi ya dhahabu. Hii ni nyumba ya kawaida iliyogeuzwa biashara. Sebule ndiyo ukumbi, gereji ndiyo jiko, na ukitaka kunawa mikono unapita kando ya magunia ya mchele na makatoni ya sosi ya soya. Meza ni saba. Menyu ni picha zilizofunikwa kwa plastiki, unaonyesha kwa kidole. Ukiketi tu unaletewa chai, birika zima, bure. Haina maziwa wala sukari na mara ya kwanza nilifikiri ni maji ya kusuuza vikombe.

Aliyenileta hapo ni mwenzangu wa kazini. Yeye alisoma Kichina pale Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo ipo tangu 2005, na alikuwa anatafuta mahali pa kufanyia mazoezi bila kulipia darasa. Siku hiyo aliagiza kitu chenye pilipili ya Sichuan bila kunionya. Hiyo pilipili haichomi kama yetu. Inaua ulimi ganzi, ukiongea unasikia kana kwamba umetoka kung'olewa jino. Nililia, nikacheka, nikarudi wiki iliyofuata.

Bei? Bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe ni 550. Mboga za majani zilizokaangwa na kitunguu saumu ni 350. Bakuli la wali ni 100. Najua kuna mtu anasoma hapa akisema 550 ni chapo madondo ya siku nne, na hajakosea. Lakini bakuli lenyewe ni karai. Tukienda wawili tunagawana na bado tunabeba kwa mkebe. Kwa Kilimani, ambako kahawa moja inaweza kukugharimu nauli ya wiki, hiyo ni bei ya mtu wa kawaida.

Nasema haya yote ili uone kwamba si mahali pa kuogopesha. Kwa sababu baba yangu alipaogopa, na nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilichokuwa nikikiita woga kilikuwa na jina lingine.

*

Baba alikuwa fundi wa nondo. Kama huijui kazi hiyo, tazama daraja lolote jijini. Ndani ya saruji kuna mifupa ya chuma, na kila mahali chuma kimoja kinapopita juu ya kingine, kuna mtu aliinama akavifunga pamoja kwa waya na koleo. Kisha saruji ikamwagwa, na mafundo yote yakafichika milele. Baba aliinama hivyo miaka zaidi ya 20. Mitatu ya mwisho alikuwa kwenye barabara moja kubwa chini ya mkandarasi wa Kichina. Sitaitaja barabara, na si lazima iwe ile unayoifikiria. Alipotoka hapo mgongo ulikuwa umekwisha, na hakurudi mjengoni tena.

Kutoka kwenye miaka hiyo mitatu alirudi na mambo mawili. La kwanza ni neno moja la Kichina, kuai, yaani haraka. Nyapara wao alilisema mara nyingi mpaka wakamwita Kwai-Kwai. Hata nyumbani, tukichelewa kutoka bafuni, tulisikia mlango ukigongwa: kwai, kwai! La pili ni hadithi ya nyoka.

Hadithi ya nyoka mimi nimeisikia kwenye matanga, kwenye harusi, na kila Krismasi ushago. Inaenda hivi. Siku moja mvua ilinyesha, mama wa githeri hakuja, na wanaume walikuwa na njaa. Baba akatumwa na sufuria kwenye jiko la Wachina kununua chochote. Akafungua mlango. Akaona sufuria kubwa, na kutoka kwenye sufuria mkia ukining'inia. Hapo Baba husimama, hukunja kidole chake cha shahada, na kukitikisa polepole. Watu huanguka kwa kucheka. Halafu humalizia, "Nikarudi nikawaambia vijana, leo tumefunga."

Mimi nilikua nikiicheka hiyo hadithi. Nilipoingia sekondari niliisimulia darasani kana kwamba nilikuwepo. Nilipokuwa mtu mzima, na nikaanza kula tambi Kilimani, nilianza kuiona aibu. Nilimwambia Baba mara moja, kwa ujuaji wa mtoto aliyesoma, kwamba hizo hadithi za nyoka na mbwa ni ubaguzi, na kwamba sisi tukisemwa hivyo hatupendi. Alinitazama. Kisha akasema, "Sawa, Mama." Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Akitaka kunyamazisha mazungumzo ndipo hulitumia kwa upole hivyo.

*

Mwaka juzi, mwezi wa nne, nilimpeleka kliniki ya mgongo upande wa Ngong Road. Tulifika saa mbili asubuhi na tukaonwa saa nane. Tulipotoka na dawa zetu, ilikuwa saa tisa na ushei na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa ya magorofa. Unajua Nairobi ikinyesha: nauli inapanda kabla tone la kwanza halijagusa lami. Mathree za kwenda tao zilikuwa zimejaa na makanga hawakuwa wakitazama mtu. Baba alikuwa anatembea kwa hatua fupi, mkono mmoja kiunoni. Mvua ilipoanza, sikufikiri. Nilimshika mkono nikamvuta ndani ya lile geti ninalolijua.

Alisoma maandishi ya Kichina ukutani, yaani aliyatazama, akasimama hapo kwenye mkeka wa mlangoni maji yakimtiririka.

"Hapa ni kwao?"

"Ni hoteli, Baba. Ni kama hoteli yoyote."

"Twende tujikinge pale kwa mlinzi."

"Baba, mgongo wako."

Dada anayehudumu hapo, ambaye tumezoeana, alikuja na taulo ya karatasi. "Karibu Mzee, ingia ndani, mvua haina adabu." Baba aliingia kwa sababu ya huyo dada. Alichagua meza ya karibu kabisa na mlango, akaketi akiutazama.

Chai ikaja. Nikaagiza tambi zangu. Nikamsukumia menyu.

"Mimi sikuli," akasema. "Nitakunywa chai."

Kisha akakunja mkono wa koti, akatazama saa yake. Ni saa ya zamani ya mkanda wa chuma, aliinunua na malipo ya kwanza ya barabara ile.

"Wanatufukuza saa ngapi?"

Nilidhani anauliza saa ya kufunga. Nikamwambia saa nne usiku. Akatikisa kichwa.

"Sisi. Watu weusi. Si ni saa kumi na moja?"

Ilinichukua dakika moja kukumbuka. Mwaka 2015 mkahawa mmoja wa Kichina hapa hapa Nairobi uliingia kwenye habari kwa kukataa wateja Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni. Walisema ni kwa ajili ya usalama. Watu walikasirika mitandaoni, na kaunti ikaufunga kwa mambo ya leseni. Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari ya wiki moja: nilikasirika, nikaandika, nikasahau. Baba hakuandika popote, na ile saa hakuisahau.

"Hiyo ilikuwa hoteli nyingine," nikasema. "Hawa hawako hivyo."

"Umewahi kukaa hapa mpaka saa kumi na moja?"

Nikafungua mdomo kujibu. Mimi huenda hapo saa ya chakula cha mchana. Nikafunga mdomo.

"Basi," akasema Baba, na akajimiminia chai. "Tutaona."

Saa yake ilisema saa tisa na dakika 40.

*

Nataka nikuambie jinsi saa moja na dakika 20 zinavyokaa ukiwa na mzee anayesubiri kufukuzwa. Mimi nilikula tambi zangu kwa sauti ndogo kuliko kawaida. Yeye alikaa wima, mgongo wake usioweza kukaa wima, kofia juu ya goti. Kila mhudumu alipopita aliinua macho. Mwenye mkahawa, mama wa miaka kama 50 mwenye sweta ya zambarau, alikuwa kwenye kaunta akitazama tamthilia kwenye simu. Kila aliposimama, nilimwona Baba akijiandaa. Alisimama kuzima feni. Alisimama kuchukua chaja. Hakuwa na habari kwamba kuna mtihani unaendelea kwenye meza ya mlangoni, na kwamba mtahiniwa ni yeye.

Saa kumi hivi aliingia mwanamume wa Kichina peke yake, na koti la kung'aa gizani na buti zenye matope mpaka kifundoni. Alivua buti moja, akalikung'uta mlangoni, akalivaa tena. Hakupewa menyu. Bakuli likaja, naye akainama juu yake na kuanza kula kwa kasi ya mtu ambaye maisha yake yote mapumziko ya mchana yamekuwa nusu saa.

"Huyo ni wa mjengo," Baba akasema taratibu.

"Umejuaje?"

"Tazama anavyokula. Na tazama kucha."

Yule mtu alipomaliza aliinua uso, akakutana na macho ya Baba. Ungemwona mwenyewe, alitazama na yeye: mikono ya Baba juu ya meza, vile vidole vilivyopinda kwa koleo. Akaonyesha nje kwa kidevu.

"Mzee. Mvua mingi."

"Mingi sana," Baba akajibu.

"Leo kazi hapana."

"Kazi hapana. Kesho."

"Kesho, kesho," yule mtu akasema, akalipa, akatoka mbio kwenye mvua.

Hakuna zaidi ya hapo. Lakini mimi sikuwahi kumsikia baba yangu akizungumza Kiswahili hicho. Nyumbani Baba ni mtu wa ngeli, akisikia "mvua mingi" anakurudisha mpaka useme vizuri. Hapa alikijibu bila kukisahihisha, kama mtu anayerudi kwenye lugha ya shule aliyosoma zamani. Nikajua kwamba kwa miaka mitatu alikuwa na maisha mazima ya kuongea ambayo hakuyaleta nyumbani. Alituletea kwai-kwai na nyoka peke yake.

Nadhani ni huyo mtu aliyefungua kitu. Kwa sababu Baba alijaza kikombe mara ya nne, akasema, akiitazama chai:

"Hakukuwa na nyoka."

"Najua, Baba."

"Hujui. Sikiliza."

Akanisimulia upya. Mvua ilinyesha, hiyo ni kweli. Mama wa githeri hakuja, hiyo pia ni kweli. Wale vijana walimtuma yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na walichanga pesa, hawakumtuma kuomba. Jiko la Wachina lilikuwa nyuma ya uzio wa mabati. Kwa miaka mitatu wao walikaa upande huu wa mabati, juu ya mawe na vipande vya mbao, na kila saa sita harufu ilivuka kutoka upande ule. Kitunguu saumu. Tangawizi. Kitu kingine chenye harufu ya karafuu lakini si karafuu. Walikuwa wakikisia. Huyu anasema leo ni nguruwe, huyu anasema ni samaki. Wakicheka, wakila githeri yao.

Basi akaenda na sufuria na pesa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza ya mviringo na wanaume kama wanane, Kwai-Kwai akiwa mmoja wao. Wote wakanyamaza. Baba akanyoosha ile sufuria, akaonyesha na pesa, ili wasifikirie vibaya. Kwai-Kwai akasimama, akaja mpaka mlangoni.

"Akanitukana?" nikauliza, kisha nikajirekebisha. "Alikutukana?"

"Angenitukana ningesahau. Alifunga mlango. Na hakuubamiza. Aliufunga polepole, vile unafunga mlango ukiwa hutaki mtoto aamke."

Alinionyesha kwa mkono wake, hewani, jinsi mlango ulivyofungwa. Mkono ule ule unaotikisa mkia wa nyoka.

"Sasa nirudi niwaambie nini wale vijana? Kwamba nimefungiwa mlango? Mimi mzee wao? Nikawaambia nimeona nyoka. Wakacheka. Tukalala njaa tukicheka."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya gereji. Mimi nilikumbuka ile hotuba yangu kuhusu ubaguzi, nikatamani birika linimeze.

"Na sikuona walichokuwa wanakula," akasema. "Mlango ulifungwa kabla sijaona. Hiyo ndiyo inaniudhi mpaka leo. Miaka mitatu nanusa kitu na sikijui."

*

Saa kumi na nusu mlango wa jikoni ulifunguliwa. Wapishi wakatoka, Mchina mmoja na Wakenya wawili, wakivua aproni. Yule dada akaunganisha meza mbili. Mwenye mkahawa akaweka simu chini. Kama umewahi kukaa kwenye mikahawa hii saa hizo utakuwa umeona: kabla ya wateja wa jioni, wafanyakazi wote wanakula kwanza. Sahani zikawekwa katikati, kila mtu na kibakuli chake mkononi. Mboga za majani. Sahani ya tofu. Chungu cha wali na, kando yake, ugali kwenye sinia, kwa sababu nusu ya jikoni ilitaka ugali. Na bakuli kubwa la kitu chekundu na njano.

Baba aligeuza kiti. Aligeuza kabisa, hakujificha. Aliwatazama watu sita wakila kutoka kwenye sahani zile zile, vijiti na vijiko na mikono vikipishana. Yule mama wa sweta ya zambarau alichota kile chekundu na njano akamwekea mpishi Mkenya kwenye kibakuli chake bila kumtazama, huku akiendelea kuongea na mwingine, kama mama yeyote anavyofanya mezani.

Baba akamwita yule dada kwa kidole. Akaja na kibakuli chake mkononi.

"Samahani, nimekukatizia chakula. Hicho ni nini?"

"Hiki? Ni nyanya na mayai, Mzee."

"Nyanya na mayai."

"Ndiyo. Fanqie chao jidan. Ndicho wanakula kila siku. Mchina akiwa mbali na kwao, akiwa hana pesa, akiwa hana nguvu ya kupika, hiki ndicho anapika. Kipo kwa menyu, lakini wateja wetu hawakiagizi. Wanasema hiki wanaweza kujipikia."

Baba alinitazama, akamtazama yule dada, akalitazama lile bakuli. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikafikiri analia, nikashika mkono wake. Alikuwa anacheka. Hakuwa akicheka kwa sauti ya harusini. Ni kicheko cha ndani ambacho nilikuwa sijakisikia.

"Nyanya na mayai," akasema. "Mama, hicho mama yako hupika siku gani?"

"Alhamisi. Kukiwa hakuna nyama."

"Alhamisi!" Akajipiga goti. "Wale watu walinifungia mlango wa Alhamisi!"

Akaagiza. Ni shilingi 400. Akauliza kama kuna ugali, na yule dada akasema ugali hauuzwi, ni wa wafanyakazi, lakini atamkatia kipande. Kikaja kwenye kisahani. Baba akanawa, akala kwa mkono, taratibu, akichunguza kila tonge kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Wameweka sukari," akasema.

"Kidogo," dada akasema. "Kupunguza ukali wa nyanya. Laoban ndiye alinifunza." Laoban ni bosi. Alisema Kichina chake alijifunzia hapo hapo jikoni, neno moja moja, kwa kuonyeshwa vitu. Hata hilo neno fanqie alielezwa maana yake: biringanya la kigeni.

"La kigeni? Kwani nyanya si yao?"

"Si yao, Mzee."

Na si yetu pia. Nyanya ilitoka Amerika ya Kusini, ikavuka bahari ikaenda kwao, ikavuka ikaja kwetu, na pande zote mbili watu wakaikaanga na mayai siku wakiwa hawana nyama. Niliisoma hiyo baadaye kwenye simu, ndani ya mathree. Mezani sikusema. Nilikuwa nimesema vya kutosha miaka iliyopita.

Baba alikuwa na swali moja zaidi kwa yule dada, na alilishusha sauti.

"Kwa hivyo mnakula pamoja. Kila siku?"

"Kila siku."

"Wanawaheshimu?"

Dada alitazama nyuma kidogo, kisha akajibu kwa sauti ile ile ya chini. "Mzee, chakula tunakula pamoja. Mshahara ndio hatuli pamoja."

Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo analolifahamu. "Hiyo najua," akasema.

Naliweka hilo hapa kwa sababu ningeweza kuliacha, na makala ingekuwa tamu zaidi, yenye sukari zaidi. Mama mmoja wa sweta ya zambarau hawezi kulipa deni la mtu mwingine aliyefunga mlango kwingine, na wala hakuombwa. Hata bakuli la pamoja si malipo ya jasho. Lakini pia sitasema kwamba bakuli si kitu. Nilimwona baba yangu akiligeuzia kiti.

*

Niliangalia saa ya simu yangu ikawa saa kumi na moja na dakika saba. Sikujua ilipita vipi. Baba alikuwa anapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali. Wateja wa jioni walikuwa wameanza kuingia: kundi la vijana Wachina, kisha wasichana watatu kama mimi, wenye mikoba ya ofisi, wakipiga kelele za Ijumaa. Yule mama alipita kwenye meza yetu. Alisimama. Nikamwona Baba akiweka mkono kwenye kofia.

Aliweka kisahani cha vipande vya tikitimaji mbele yetu na kwenda meza nyingine. Kila meza ilikuwa imepewa.

Baba alikunja mkono wa koti, akatazama saa yake. Aliitazama muda mrefu, halafu akashusha mkono wa koti na kuchukua tikiti.

Alikataa nilipe. Alitoa simu, akavaa miwani, akaandika namba ya till tarakimu moja moja, 950, na ujumbe wa M-Pesa ulipoingia alinyanyuka akaupeleka mwenyewe kwenye kaunta. Nilitaka kumwambia kwamba haina haja, kwamba wao wanaupata kwenye simu yao. Nikamwacha. Alisimama pale, mgongo wake ukiwa umenyooka kadiri unavyoweza, akimwonyesha yule mama kwamba amelipa. Yule mama akatazama, akasema "Asante," akarudi kwenye tamthilia yake.

Nje mvua ilikuwa imekatika na nauli ilikuwa 100 badala ya 50. Tulipokuwa tumekaa kwenye mathree, taa za Valley Road zikipita, nilimuuliza kama sasa ataacha hadithi ya nyoka.

"Kwa nini niiache?"

"Si umeona wenyewe wanakula nini."

"Hiyo hadithi si ya Wachina," akasema. "Ni ya wale vijana. Walilala njaa, na walicheka."

Sijamsumbua tena kuhusu hilo. Krismasi iliyopita aliisimulia, kidole kikatikisika, watu wakaanguka. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa nautazama ule mkono.

Alhamisi moja nilipitia kwao Kayole. Mama alikuwa jikoni, nyanya zimeshaiva kwenye sufuria, mayai yamepigwa kwenye bakuli. Baba aliingia kwa hatua zake fupi, akachota sukari kwa ncha ya kijiko, akaitia kwenye sufuria kabla hajakatazwa.

"Wewe!" Mama akasema. "Umeanza lini kutia sukari kwenye mboga? Nani alikufunza hiyo?"

"Mjengoni," Baba akasema.

"Miaka yote hiyo unaijua na hukuniambia?"

"Mlango ulikuwa umefungwa."

Mama alinigeukia kuuliza mzee wake ana nini leo. Nikamwambia anipe sahani.